Prosesa ya Edmée na Ubeti wa Tisa

Edmée Haché alipoambiwa kompyuta yake imezeeka, kilichomkera zaidi ni ile sauti iliyotumika kumwambia. Ilikuwa sauti laini, ya kumbembeleza mgonjwa, na mwenye kuitoa alikuwa Jean-Rémi Savoie, meneja mpya wa redio ya jamii. Alikuwa amehamia kijiji cha wavuvi cha Lamèque kutoka mji wa Moncton theluji ilipoyeyuka, na mpaka Julai hiyo ya mwaka 2018 bado alikuwa akimwita kila mtu "Madame", hata wale waliokuwa wakiitana kwa majina ya baba zao tangu utotoni.

"Madame Haché, mashine hiyo imeshafanya kazi yake," alisema. "Tupe zile kaseti za wimbo wenu tuzipeleke Moncton. Kuna watu wana studio pale, watazisafisha kwa wiki moja. Wewe upumzike."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Sikumaanisha hivyo. Nasema tu, sikukuu yetu Waakadia ni tarehe kumi na tano Agosti, na kipindi lazima kiwe tayari."

"Kitakuwa tayari. Na kaseti hazitoki nyumbani kwangu."

Jean-Rémi akakuna shingo. Ndipo akasema lile lililokuwa limemkaa kooni muda wote. "Halafu kuna ule ubeti wa tisa. Watu wengi wameshasahau mambo yale. Tunaweza kuuruka, na hakuna atakayejua."

Edmée alichukua kofia yake mezani, akatoka.

Kaseti zenyewe zilikuwa kumi na moja. Alizirekodi mwaka 1986, akiwa na miaka ishirini na minane, ndani ya kiwanda cha kaa cha Sévère Brideau. Wanawake sitini walikuwa wakisimama kando ya mkanda uliobeba kaa tangu alfajiri, miguu ndani ya buti za mpira, wakichambua nyama kutoka kwenye miguu ya kaa. Walizoea kuimba. Siku moja Brideau akabandika tangazo ukutani: kuanzia leo hakuna kuimba, kuimba kunapunguza kasi. Kesho yake wakaimba kwa nguvu zaidi. Aliyetunga maneno alikuwa Alphonsine Chiasson, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukata mawimbi, na kila kilipotokea kisa kiwandani aliongeza ubeti. Edmée alifunga kinasa sauti kidogo ndani ya mfuko wa plastiki, akakificha chini ya aproni. Ndiyo maana katika kaseti zile visu vinasikika vikigonga chuma, maji yanasikika yakimwagika, na mvuke wa masufuria unafoka nyuma ya kila neno.

Mpaka mwaka ule unakwisha wimbo ulikuwa na beti kumi na nne, na zilibaki hizohizo mpaka kiwanda kilipofungwa, mwaka 2009. Ubeti wa tisa ulikuwa huu:

Rosanne damu yamtoka, mkanda haukukoma,
Brideau katazama saa, hakumtazama mama,
Kimya cha kaa chunguni, sisi sote tutasema.

Rosanne alipoteza vidole viwili siku mkanda ulipomshika mkono. Brideau mwenyewe alikuwa amekufa zamani, lakini mwanawe Yvon alikuwa na duka la injini za boti kando ya barabara kuu, na matangazo ya duka lile ndiyo yaliyoiweka redio hai.

Edmée alijifunza kuhariri sauti kwa kujitolea redioni baada ya kiwanda kufungwa. Kompyuta waliyokuwa nayo ilikuwa ya macOS, ule mfumo wenye alama ya tofaa, na programu aliyoizoea, ambayo vidole vyake viliijua kama vilivyojua kisu cha kaa, haikufanya kazi kwingine kokote. Redio ilipobadilisha vifaa, mwaka 2012, yeye alibaki mikono mitupu. Kununua kompyuta mpya ya namna ile hakuweza. Basi akaagiza kipande kimoja kimoja: bodi, kasha, prosesa ndogo ya viini viwili, kadi ya picha. Akaviunga mezani jikoni kwa kufuata maelekezo ya watu asiowajua kwenye jukwaa la mtandaoni, kwa Kiingereza cha kuokoteza na kamusi mapajani, kisha akaweka macOS ndani ya mashine ambayo haikuzaliwa nayo.

"Mtoto wa nje huyo," alisema Ozias, mumewe, siku ilipowaka mara ya kwanza. "Sura ya huku, roho ya kule."

"Mtoto wa nje naye hula, mzee. Mpishe."

Ni kweli kwamba wenye mfumo ule hawataki uwekwe kwenye mashine zisizo zao, na wameandika hivyo katika masharti. Edmée aliyasoma masharti yale yote, na kamusi. Alipomaliza alisema Brideau naye alikuwa ameandika, tena kwa herufi kubwa.

Kwa miaka sita mashine ile ilimtosha. Ila sasa, alipozinakili humo kaseti zote kumi na moja na kujaribu kuzisafisha kwa pamoja, kutoa mvuke bila kutoa sauti za watu, ilikuwa ikigugumia kama mtu aliyepaliwa. Sauti ya Alphonsine ilikatika katikati ya neno. Kisha skrini ikaganda. Aliwasha upya mara nne Jumatatu ile, na mara nne ikaganda palepale. Alifungua dirisha la kupimia kazi ya mashine: viini viwili, vyote vimejaa mpaka juu. Kumbukumbu ilikuwa bado na nafasi, diski ilikuwa nzima. Prosesa ndiyo iliyokuwa imezidiwa.

"Nunua nyingine," Ozias alisema akiwa anapaka molasi kwenye mkate.

"Sinunui nyingine. Nabadilisha prosesa."

"Ubongo? Unambadilisha mtu ubongo na unategemea aamke akikuita mama?"

"Wewe hujabadilishwa na bado hukumbuki ulipoweka miwani."

Ozias akacheka mpaka mkate ukamtoka mdomoni. Alikuwa mtu wa utani, mstaafu wa kiwanda cha mboji ya kinamasini, na utani wake ulimzidi kimo. Lakini Alhamisi alirudi nyumbani na kompyuta ya ofisini, nyeusi, yenye vumbi la mboji mpaka kwenye matundu ya skrubu. Ofisi yake ya zamani ilikuwa inatupa tatu. Yeye alikuwa amesimama mlangoni mwao na orodha aliyoandikiwa na mkewe, akasoma maandishi ya kila kasha kwa kioo cha kukuzia mpaka akaipata yenye prosesa iliyotakiwa: viini vinne, ya kizazi kimoja mbele ya ile ya Edmée, yenye umbo lilelile la kukaa kwenye bodi ileile.

"Ilikuwa njiani kwenda jalalani," alisema. "Nimewaambia mke wangu ana mtoto wa nje anahitaji damu."

Edmée alimbusu kipara.

Jumapili asubuhi, baada ya misa, alitandika gazeti mezani. Jambo la kwanza lilikuwa kuifundisha bodi kuitambua prosesa mpya, na hilo lilipaswa kufanywa wakati ile ya zamani ingali mahali pake, maana bodi isiyomjua mgeni haiwaki kabisa. Alinakili diski nzima kwanza, kwa tahadhari. Kisha akaweka programu mpya ya msingi ya bodi kwenye flashi na kuanza kuihamisha.

"Sasa usiguse kitu," alimwambia Ozias. "Umeme ukikatika hapa, bodi imekufa."

"Hata birika?"

"Hata birika. Hata kengele ya mlango. Kaa hapo ufe na kiu."

Ozias alikaa, mikono kwenye magoti kama mtoto wa komunyo, macho kwenye kile kistari kilichokuwa kikitambaa skrini. Dakika sita. Kistari kikafika mwisho, mashine ikajizima, ikajiwasha, ikatulia. Ozias akaruka kwenda kuchemsha chai.

Edmée akachomoa waya wa umeme, akashika chuma cha kasha kutoa umeme wa mwilini, akafungua feni. Alifuta grisi ya zamani iliyokuwa imekauka kama saruji, akainua kibano, akaitoa prosesa ya viini viwili na kuiweka pembeni. Chini yake palikuwa na uwanja wa pini zaidi ya elfu moja, nyembamba kuliko sindano ya mbu. Akaishika ile mpya kwa kingo, akaipeleka juu ya uwanja.

Simu ikalia.

Ilikuwa karibu na kiwiko chake. Kidole kikashtuka, na prosesa ikaanguka upande, kona yake moja ikilaza pini kama mtu anayepita kwenye majani mabichi.

"Mama yangu!" alisema Ozias.

Aliyepiga simu alikuwa Jean-Rémi. Ozias aliipokea yeye. "Madame Haché yuko kwenye upasuaji," alisema. "Hapana, hajambo. Mgonjwa ni mwingine." Akakata.

Edmée aliinama na kioo cha kukuzia. Pini tatu zilikuwa zimelala. Tatu tu, lakini hata moja ingetosha kuimaliza. Alikaa wima, akapumua kwa pua. Ozias hakutania. Alimfahamu mkewe vya kutosha kujua kwamba huu haukuwa wakati wake.

"Washa taa ile ya kusomea," alisema Edmée. "Ilete huku. Na uniletee sindano nyembamba kwenye kopo la uzi."

Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akitoa nyama kwenye vidole vya mwisho vya mguu wa kaa, vile ambavyo wengine walivitupa, na aliitoa nzima bila kuichana. Msimamizi alimpa jina la Taratibu. Sasa aliegemeza kifundo cha mkono mezani, akaingiza ncha ya sindano chini ya pini ya kwanza, akainyanyua kadiri ya unywele mmoja. Akaangalia. Akanyanyua tena. Hakuivuta mpaka mwisho kwa mara moja, maana chuma kilichopinda huchukia kuharakishwa. Ya pili ilikubali upesi. Ya tatu ilikuwa imelalia jirani yake, na ilimchukua muda mrefu kiasi kwamba chai ya Ozias ilipoa ikiwa kikombeni, hajaionja.

Alipomaliza, alitazama safu zote kutoka pande nne. Zilikuwa zimepangana tena. Akaishusha prosesa, safari hii baada ya kumwambia Ozias aitoe simu nje kabisa. Akafunga kibano, akaweka tone la grisi mpya la ukubwa wa punje ya mtama, akarudisha feni.

Mashine ikawaka. Bodi ikaitambua prosesa kwa jina lake. Ozias akapiga makofi.

"Bado," alisema Edmée.

Na kweli ilikuwa bado. macOS ilianza kupanda, tofaa likaonekana, kistari kikaenda robo ya njia, kisha maandishi meupe yakajaa skrini nzima na mashine ikajizima. Ikajiwasha, ikafanya vilevile. Ikafanya vilevile tena.

Siku mbili zikapita hivyo. Aliandika swali kwenye jukwaa, neno kwa neno, na kamusi. Mtu mmoja akajibu kwa mstari mmoja: mashine ya zamani kiasi hicho, kwa nini usinunue mpya? Edmée alimwandikia: "Kwa sababu sitaki. Kama hujui jibu, sema hujui."

Basi akarudi kusoma daftari lake mwenyewe la mwaka 2012, ambamo alikuwa ameandika kila alichofanya. Jumatano, akiwa anakoroga sufuria ya fricot, kuku na viazi, alisimama ghafla na mwiko hewani. Katika mashine ile kulikuwa na faili moja dogo alilolitengeneza kwa ajili ya prosesa ya zamani, lililoueleza mfumo ni kiasi gani cha umeme wa kuipa na kwa mwendo gani. Lile faili lilikuwa bado linasema habari za marehemu. Zaidi ya hayo, mashine ilikuwa bado inajitambulisha kwa mfumo kama aina ya kompyuta ambayo haijawahi kuwa na prosesa ya kizazi hiki.

"Tunadanganya uongo wa zamani," alimwambia Ozias. "Inabidi tudanganye upya."

"Hapo ndipo umefika kwangu. Uongo naujua."

Alizima jiko. Akaiwasha mashine kwa flashi ya dharura, akalifuta lile faili, akabadilisha jina la aina ya kompyuta liwe la ile iliyotoka kiwandani na prosesa za kizazi hiki, akatengeneza faili jipya la umeme kwa ajili ya viini vinne. Akaomba mashine ijiwashe.

Kistari kikaenda robo. Kikapita robo. Kikafika nusu, kikasimama kidogo kama mtu anayekumbuka, kisha kikakimbia mpaka mwisho, na picha ya ghuba aliyoiweka yeye mwenyewe ikatokea.

Edmée alifungua kaseti zote kumi na moja kwa mkupuo, akawasha usafishaji kwenye kila moja, akabonyeza kitufe cha kuchezea. Kwenye dirisha la kupimia, safu nane nyembamba, mbili kwa kila kiini, zikaanza kurukaruka na hakuna hata moja iliyogusa juu. Na kutoka kwenye spika ikatoka sauti ya Alphonsine, bila mvuke, bila kukatika, pamoja na wanawake sitini nyuma yake.

Ozias alikaa kwenye ngazi ya jikoni. "Huyo wa pembeni ni wewe," alisema. "Ulikuwa na sauti hiyo?"

"Nilikuwa nayo. Nilikuwa naificha, wasinitazame wakakiona kinasa."

Kazi ilikwisha tarehe sita Agosti. Tarehe saba Jean-Rémi alifika nyumbani na kuisikiliza kidogo akiwa amesimama. Alikiri ni nzuri kuliko alivyotegemea. Kisha akauliza kama ubeti wa tisa umetolewa.

"Zipo kumi na nne," alisema Edmée. "Utazirusha kumi na nne."

"Madame, nielewe. Yvon Brideau akiondoa matangazo, nani atalipa umeme wa mtambo? Sikatai ukweli. Naomba ubeti mmoja."

"Rosanne naye aliombwa vidole viwili tu."

"Basi sitaweza kurusha."

"Basi usirushe. Mlango ule."

Alipoondoka, Ozias alimtazama mkewe. "Na sasa?"

"Lile tela lako la kubebea mboji bado lina magurudumu?"

Waswahili husema mwenye kelele hana neno. Waakadia, watu wa pwani hii wasemao Kifaransa, hawajawahi kukubali. Tarehe kumi na tano Agosti, saa kumi na mbili kasoro dakika tano jioni, kama kila mwaka, kijiji kizima kilimwagika barabarani na sufuria, vifuniko, filimbi na misumeno, kikapiga kelele ya kusema bado tupo. Katikati ya msafara ule Ozias alikuwa akiendesha trekta kwa mwendo wa konokono. Nyuma yake kwenye tela palikuwa na jenereta, spika mbili za ukumbi wa parokia, na ile kompyuta, imefungwa kwa mikanda juu ya godoro la kitoto isitikisike. Edmée alisimama kando yake, mkono mmoja juu ya kasha.

Walipofika mbele ya duka la injini za boti, alibonyeza.

Mwanzoni hakuna aliyesikia kitu. Kisha walio karibu wakashusha sufuria zao, na walio nyuma yao wakashusha, na ukimya ukaenda kama upepo mpaka mwisho wa barabara. Walikuwepo pale wanawake waliosimama mkandani mwaka ule wa 1986, wengine na fimbo, wengine na wajukuu. Kwenye ubeti wa tatu walianza kuitikia. Ubeti wa tisa ulipofika, Rosanne mwenyewe, mwanamke wa miaka sabini na tatu, aliinua mkono wake wenye vidole vitatu juu kabisa na kuuacha hapo mpaka neno la mwisho.

Yvon Brideau alikuwa mlangoni mwa duka lake. Hakuingia ndani. Alisikiliza beti zote kumi na nne, uso umemwiva, kisha akafunga duka, akaondoka kwa miguu. Kesho yake aliondoa matangazo yake redioni.

Jean-Rémi alifika kwa Edmée akiwa na hasira ya kweli, bila ile sauti ya kubembeleza. "Umeniponza, Edmée!"

"Sasa tunaongea," alisema Edmée. Akamkatia mkate, akamkalisha mbele ya mashine, akamchezea yote tangu mwanzo. Safari hii alisikiliza akiwa amekaa. Ubeti wa kumi ulipoanza aliuliza ni nani yule anayekohoa kabla ya kuitikia, na Edmée akamwambia ni Rosanne, wiki mbili baada ya ajali, amerudi kazini na bendeji. Jean-Rémi alikiweka chini kipande cha mkate. Alisikiliza mpaka mwisho, akaaga, akaenda zake.

Septemba, Jumapili mchana, redio ilirusha beti zote kumi na nne. Matangazo ya Yvon hayakurudi. Ulipikwa mlo wa mchango ukumbini, madonge ya viazi yenye nyama ya nguruwe, na umeme wa mtambo ukalipwa kwa miezi kadhaa. Baada ya hapo ilibidi wapike tena.

Alphonsine Chiasson aliisikia redio akiwa kitandani kwenye nyumba ya wazee, ana miaka themanini na minane. Alituma ujumbe kwamba ubeti wa sita aliuimba chini kidogo, na Edmée asithubutu kuurekebisha. Alikufa Februari. Kwenye misa ya mazishi padri aliwaomba wanawake waimbe tenzi za kanisa tu, maana hapa ni mahali patakatifu. Walimsikiliza kwa heshima, wakaimba utenzi mmoja, kisha Rosanne akaanza ubeti wa kwanza, na hawakuketi mpaka zote kumi na nne zilipokwisha.